Kutafuta Vibete Kahawia kwa Darubini za Infraredi Zilizo Juu ya Angahewa

Kibete kahawia ni gimba la angani linaloanza maisha kama nyota, kwa wingu la gesi kujikusanya na kujibana kwa uzito wake lenyewe, lakini huishia na masi isiyotosha kuendesha myeyungano wa kinyuklia wa hidrojeni katika kiini chake. Mpaka huo uko karibu na masi ya Mshtarii mara 75. Chini ya hapo gimba huzaliwa likiwa na joto, kisha hupoa kwa mabilioni ya miaka kwa kuwa halina chanzo cha kudumu cha kulipasha. Vile vilivyopoa sana havitoi karibu nuru yoyote ambayo jicho linaweza kuipokea, hata vikiwa jirani kabisa na Jua letu. Mng'ao wao hutoka zaidi katika infraredi, yaani mionzi ya joto ambayo macho hayaioni.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu au mpenzi wa anga mwenye kompyuta, intaneti na subira. Unaeleza namna ya kuvitafuta vibete hivyo katika picha zilizokwisha kupigwa na setilaiti ya infraredi ya WISE, kisha namna uchunguzi wa kina unavyoandaliwa kwa darubini ya angani ya James Webb. Gimba la kufanyia mazoezi ni WISE 0855−0714, lililotangazwa mwaka 2014 na Kevin Luhman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Liko umbali wa miaka ya nuru 7.4 tu, katika kundinyota la Shuja, ambalo orodha za kimataifa huliita Hydra. Hakuna kibete kahawia kinachojulikana kilicho baridi kuliko hicho: halijoto yake inakadiriwa kuwa karibu kelvini 285, yaani nyuzi 12 za Selsiasi, sawa na baridi ya alfajiri ya Julai jijini Nairobi. Ni vyema kuanza na gimba ambalo jibu lake linajulikana, kwa sababu macho yanahitaji kufundishwa kabla ya kuaminiwa.

Kwa nini ni lazima kupanda juu

Kanuni ya Wien inatoa hesabu rahisi ambayo kila mtafutaji anapaswa kuizoea. Gawanya 2,898 kwa halijoto ya gimba katika kelvini, nawe utapata, kwa mikromita, urefu wa wimbi ambapo gimba hilo hung'aa zaidi. Jua, lenye kelvini 5,772 usoni, hung'aa zaidi kwenye mikromita 0.5, ambayo ni nuru ya kawaida. Gimba la kelvini 500 huelekea mikromita 5.8, na la kelvini 285 huelekea mikromita 10. Kanuni hii ni ya gimba lisilo na angahewa ya kuvuruga mwanga wake, na vibete kahawia vina angahewa nzito, lakini kama mwelekeo wa kwanza inatosha.

Mtazamaji aliyesimama ardhini anakutana na tatizo hapo hapo. Hewa, kuba la darubini na kioo chake vyote vina halijoto ya kelvini 270 hadi 300, na kwa hiyo vyote hung'aa kwa nguvu zaidi palepale anapopatafuta, kwa kiasi kinachozidi mwanga wa kibete mara nyingi mno. Zaidi ya hayo, mvuke wa maji na dioksidi kabonia humeza sehemu kubwa ya infraredi kabla haijafika chini. Yapo madirisha machache ambamo mwanga hupenya, na ndiyo maana darubini kubwa hujengwa juu ya milima mikavu kama Mauna Kea ya Hawaii, kwenye mita 4,200 hivi. Hata hivyo mng'ao wa hewa wenyewe hauondoki kwa kupanda mlima.

Kuipeleka darubini angani nako hakutoshi ikiwa darubini yenyewe ina joto, kwa kuwa itajimulika. IRAS, setilaiti ya Marekani, Uholanzi na Uingereza iliyorushwa Januari 1983, ilipozwa kwa heli ya kimiminika na ikaishi miezi kumi tu, mpaka heli ilipokwisha. Spitzer, iliyorushwa Agosti 2003, ilimaliza heli yake Mei 2009 lakini ikaendelea kupiga picha katika mikromita 3.6 na 4.5 hadi Januari 2020, kwa kuwa ilikuwa mbali na joto la Dunia na kivuli cha paneli zake kiliitunza katika baridi ya kutosha kwa mawimbi hayo mafupi.

Historia ya WISE inafanana na hiyo, na kwa mtumiaji wa data zake ni jambo la lazima kujua, si nyongeza. Setilaiti hiyo yenye kioo cha sentimita 40 ilirushwa tarehe 14 Desemba 2009, katika mzunguko wa kilomita 500 na ushei kutoka ardhini unaopita karibu na ncha za Dunia. Ilikuwa na bendi nne: W1 ya mikromita 3.4, W2 ya 4.6, W3 ya 12 na W4 ya 22. Baridi yake ilitokana na hidrojeni iliyogandishwa, nayo ilikwisha mwaka 2010, ikaondoka na W4 kisha W3. W1 na W2 ziliendelea hadi Februari 2011, setilaiti ikalazwa, ikaamshwa tena mwaka 2013, na kuanzia Desemba mwaka huo ikaendelea kupima anga yote kila baada ya miezi sita hadi 31 Julai 2024. Kwa hiyo, unapotazama picha zake kwa mfuatano, utakuta ombwe la karibu miaka mitatu kati ya 2011 na 2013. Jambo la pili ni kwamba vipimo vya W3 na W4 vyote ni vya 2010, wakati W1 na W2 zina rekodi ya zaidi ya muongo mmoja. Rekodi hiyo ndefu ndiyo hazina yenyewe.

Ushahidi wa rangi

Katika angahewa ya kibete kilicho baridi, kaboni hupatikana zaidi katika umbo la methani, na methani humeza mwanga kwa nguvu karibu na mikromita 3.3. Kwenye mikromita 4 hadi 5, kinyume chake, gesi zilizomo huacha uwazi ambamo joto la tabaka za chini hutoka nje. Wabunifu wa WISE waliijua hali hiyo na wakaziweka bendi mbili za kwanza kwa makusudi: W1 ikaangukia penye giza la methani, na W2 ikaangukia penye uwazi. Nyota ya kawaida ina magnitudi, yaani kipimo cha mwangaza, karibu sawa katika bendi zote mbili. Kibete baridi hufifia katika W1 na kuonekana wazi katika W2.

Tofauti hiyo huandikwa W1−W2. Kumbuka kwamba katika magnitudi namba kubwa maana yake ni mwanga hafifu, na kwamba tofauti ya magnitudi 5 ni mwanga mara 100. Vibete hupangwa kwa makundi ya herufi kulingana na halijoto. W1−W2 inapozidi 1.5 unaingia katika vibete vya kundi la T vilivyo baridi, na inapozidi 3 unakaribia kundi la Y, lililo baridi kuliko yote, ambalo wanachama wake wanaojulikana hadi sasa ni makumi tu. WISE 0855−0714 iko karibu na 4, maana yake, ikilinganishwa na nyota ya kawaida, W2 yake ni angavu takriban mara 40 kuliko W1.

Orodha za magimba ya WISE zinapatikana bila malipo katika hifadhi ya IRSA, inayotunzwa na kituo cha IPAC huko Pasadena, California. Mbili zinafaa zaidi: AllWISE, yenye magimba milioni 747, na CatWISE2020, yenye karibu bilioni 1.9 pamoja na makadirio ya mwendo wa kila gimba. Chagua eneo dogo la anga, weka sharti la W1−W2 kuwa zaidi ya 2, na utake W2 iwe imepimwa kwa uhakika, yaani mwanga wake uzidi kelele ya kipimo angalau mara 10. Mbali na hayo, angalia safu ya makosa ya W1: katika AllWISE, safu hiyo ikiwa tupu, namba ya W1 iliyoandikwa si kipimo bali ni kikomo tu, na W1−W2 halisi inaweza kuwa kubwa zaidi. Watu wengi huziondoa safu tupu kwa kudhani ni uchafu wa data, na kwa kufanya hivyo huyatupa magimba yaliyo baridi kuliko yote.

Ushahidi wa mwendo

Rangi peke yake haitoshi, na hili nalisisitiza kuliko jambo lingine lolote katika mwongozo huu. Gimba lililo hafifu kwa asili, ambalo hata hivyo tunaliona, kwa kawaida liko karibu. Na lililo karibu huonekana likisogea mbele ya nyota za mbali mwaka hadi mwaka. Galaksi haisogei. Kwa hiyo rangi inakupa mtuhumiwa, na mwendo ndio unaotoa hukumu.

Fungua zana ya WISEView katika kivinjari chako. Katika sehemu ya majiranukta andika 133.795 na −7.245, ambayo ni mahali WISE 0855−0714 ilipokuwa mwaka 2010, kwa digrii. Weka upana wa picha kuwa sekunde za tao 300 (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii, na sekunde 60 hufanya dakika moja ya tao), chagua onyesho linalounganisha W1 na W2, na uache picha zipite moja baada ya nyingine. Utaona nyota nyingi zilizotulia, na nukta moja ya rangi ya machungwa inayoelekea kulia bila kusita, yaani magharibi, kwa kuwa kaskazini iko juu na mashariki iko kushoto. Rangi ya machungwa hutokana na W2 kuizidi W1. Sasa onyesha W1 peke yake, na nukta hiyo itakaribia kupotea.

Pima mwendo wake wewe mwenyewe. Pikseli moja ya WISE ni sekunde za tao 2.75, na gimba hili husogea sekunde 8.1 kwa mwaka, yaani karibu pikseli tatu. Kutoka 2010 hadi 2024 limesafiri karibu dakika mbili za tao. Mwendo wa namna hii ni wa nadra sana. Ni nyota mbili tu zinazojulikana kulizidi kwa kasi hiyo ya kuonekana. Vibete utakavyovitafuta baadaye vitakuwa na mwendo wa sehemu ya sekunde hadi sekunde moja au mbili kwa mwaka, hivyo itakulazimu kulinganisha picha za mwanzo na za mwisho, si picha zinazofuatana. Ongeza na kupunguza ukolezi wa picha mara kadhaa kwa kila eneo, kwa kuwa gimba hafifu huonekana katika ukolezi mmoja na kufichwa na mwingine.

Kwa kuanza, epuka ukanda wa Njia Nyeupe. Nyota zimesongamana mno huko, na uwezo wa WISE wa kutenganisha nukta mbili ni sekunde sita tu za tao, hivyo nyota mbili zinazopishana kwa mwangaza zinaweza kuigiza mwendo usiokuwepo. Maeneo yaliyo karibu na ncha za ekliptiki, yaani mbali kabisa na njia ambayo Jua huonekana kuifuata angani, yana manufaa ya pekee, kwa sababu njia za setilaiti zilikutana hapo na kila pahala pakapigwa picha mara nyingi kuliko kwingineko.

Lipo gimba moja linaloonyesha kwa nini mwendo usidharauliwe. WISE 1534−1043, linaloitwa na watafiti Ajali, lilionekana na mtafutaji wa kujitolea aliyekuwa akiangalia magimba mengine katika uwanja huohuo. Vichujio vya rangi havikuwa vimelinasa, kwa kuwa rangi zake hazilingani na za kibete chochote cha kawaida. Watafiti wanaamini ni la kale sana na lina elementi nzito chache, kwa hiyo methani yake ni kidogo. Kilicholifichua ni kasi yake.

Vinavyodanganya

Galaksi zenye vumbi na viini vya galaksi vinavyomeza mata huwa na W1−W2 kubwa. Vitambue kwa W3: tofauti ya W2−W3 inapozidi 3 hivi, shuku vumbi kwanza. Nyota nzee zilizojifunika kwa vumbi nazo huonekana nyekundu, lakini kwa kawaida ni angavu mno na hazisogei. Asteroidi huonekana katika picha za kipindi kimoja tu, kisha hazipo. Nyota angavu huacha miale, miviringo ya nuru na vivuli vya uongo kwenye vigunduzi. AllWISE huvitia alama katika safu ya cc_flags kwa herufi D, P, H na O, na sifuri hapo maana yake ni kwamba hakuna hitilafu iliyogunduliwa. Hata penye sifuri, tazama picha kwa macho.

Baada ya hapo, uliza kama gimba lako linajulikana tayari. Hifadhidata ya SIMBAD iliyoko Strasbourg, Ufaransa, hupokea majiranukta na kukuonyesha yaliyokwisha kutajwa katika majarida. Tafuta kwa duara pana kidogo, kwa kuwa gimba linalosogea linaweza kuwa limeandikwa mahali lilipokuwa miaka kumi iliyopita. Tazama pia orodha ya Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyopima mahali na mwendo wa nyota. Gaia ilipima nuru ya kawaida hadi magnitudi 21 hivi, kwa hiyo kibete baridi kweli hakitakuwemo. Ukikikuta humo kikiwa na mwanga mzuri, huenda ni nyota kibete nyekundu tu yenye mwendo wa haraka.

Kikivuka vizuizi hivyo vyote, kiwasilishe kwa mradi wa Backyard Worlds: Planet 9, ulioanzishwa Februari 2017 na unaopokea watafutaji wa kujitolea kutoka nchi yoyote. Andika majiranukta pamoja na mwaka yalipochukuliwa, magnitudi za W1 na W2, makadirio ya mwendo, na kiungo cha onyesho la WISEView. Majiranukta yasiyo na mwaka hayana thamani kubwa kwa gimba linalosogea.

Kutoka mtuhumiwa hadi spektra

Ili kujua umbali, watafiti hupima paralaksi, yaani yumbo dogo la gimba linalotokana na Dunia kuzunguka Jua. Paralaksi ya WISE 0855−0714 ni takriban sekunde 0.44 za tao, na 1 gawanya kwa 0.44 hutoa parseki 2.27, sawa na miaka ya nuru 7.4. Umbali ukishajulikana, mwangaza halisi hupatikana, na kutokana nao halijoto.

Spektra ya gimba baridi kiasi hicho, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa urefu wa wimbi, ni kazi ya James Webb. Darubini hiyo yenye kioo cha mita 6.5 ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na kituo cha Malindi, pwani ya Kenya, kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofuatilia mawimbi yake mwanzoni mwa safari. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, nyuma ya kinga ya jua ya tabaka tano, ambako vioo vyake hukaa chini ya kelvini 60 bila kutumia kipozeo chochote. Kifaa cha MIRI pekee, kinachofika zaidi ya mikromita 25, hupozwa kwa mashine hadi chini ya kelvini 7.

Mtu yeyote, wa nchi yoyote, anaweza kuwasilisha ombi la muda wa Webb katika mzunguko wa kila mwaka. Wasomaji wa maombi hawaonyeshwi majina wala taasisi za waombaji, na naona utaratibu huo ni wa haki kwa mtafiti wa chuo kisicho na jina kubwa. Ushindani ni mkali: mzunguko wa nne, uliofungwa Oktoba 2024, ulipokea maombi zaidi ya 2,300. Kwa hiyo ombi liwe na swali moja lililo wazi, na hesabu zisizo na mwanya.

Hesabu ya kwanza ni ya muda wa kupiga picha, unaokadiriwa kwa kikokotoo cha mtandaoni cha Taasisi ya Sayansi ya Darubini ya Angani huko Baltimore. Uwiano wa mwanga na kelele hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Ukitaka kuuongeza mara mbili, muda unapanda mara nne. Usiusahau mng'ao wa vumbi lililotapakaa kati ya sayari, ambalo lina joto na hung'aa katika mikromita 10 hadi 20, zaidi karibu na ekliptiki.

Hesabu ya pili ni ya kuonekana. Webb haiwezi kuelekea Jua wala kulipa mgongo kabisa. Hutazama kati ya nyuzi 85 na 135 kutoka kwenye Jua. Gimba lililo karibu na ekliptiki hupata vipindi viwili tu kwa mwaka, kila kimoja cha siku 50 hivi.

Hesabu ya tatu ndiyo inayowaangusha wasiozoea magimba ya karibu. Mpasuo wa NIRSpec, kifaa cha Webb cha kupima spektra, unaotumiwa kwa kawaida kwa gimba moja una upana wa sekunde 0.2 za tao. WISE 0855−0714 husogea kiasi hicho kwa siku tisa. Ukitumia majiranukta ya mwezi uliopita, mpasuo utaangukia penye anga tupu. Ndiyo maana ombi hutaja majiranukta, mwaka wake, mwendo na paralaksi, kisha huagiza kwamba gimba lidakwe kwanza katika dirisha pana la sekunde 1.6 kabla ya kuhamishiwa kwenye mpasuo. Agiza pia darubini isogezwe kidogo kati ya picha na picha, ili pikseli mbovu zisiangukie mahali pamoja kila mara.

Kabla ya kuandika ombi lolote, tafuta katika hifadhi ya MAST iliyoko Baltimore. Data nyingi za Webb huwa wazi kwa wote baada ya miezi 12, na nyingine mara moja. Spektra za WISE 0855−0714 zimo humo. Zipakue, chora mwanga dhidi ya urefu wa wimbi kati ya mikromita 1 na 5, kisha uweke juu ya mchoro mipaka ya W1, takriban mikromita 2.8 hadi 3.8, na ya W2, takriban 4.0 hadi 5.3. Utaona shimo la methani likijaza bendi ya kwanza na kilele kimoja kikubwa kikisimama ndani ya ya pili. Ukijumlisha mwanga ulio ndani ya kila bendi na kubadilisha uwiano wake kuwa magnitudi, linganisha matokeo na W1−W2 ya orodha. Tofauti utakayoipata itakuonyesha ni kwa kiasi gani kipimo cha W1 cha gimba hafifu namna hii kinaweza kutegemewa.